Uchambuzi wa kisa: karateka, judoka na nafasi iliyopotea baada ya kila teke

Usuli

Klabu moja ya karate na kikundi cha judo walikuwa wakichangia ukumbi katika mji wa pwani ya Afrika Mashariki. Kila Jumamosi, pande zote zikishamaliza ratiba zao, walioridhia walibaki kwa saa moja ya kupambana pamoja chini ya kocha wa karate, ambaye naye aliwahi kufanya judo kwa miaka michache. Majina, mji na klabu vimeondolewa, na maelezo ya wahusika yamebadilishwa kiasi cha kutosha wasitambulike. Mpigaji tutamwita K, mshikaji tutamwita J.

K alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mkanda wa kahawia, mzoefu wa kumite ya pointi, yaani mapambano ya karate yanayohesabu mapigo safi. Mrefu, mwembamba, ana mae geri (teke la mbele) ya haraka na gyaku zuki (ngumi ya mkono wa nyuma) inayofika kabla hujaiona ikianza. J alikuwa mfupi kwake kwa karibu nusu kichwa na mzito zaidi kwa kilo nane hivi, naye mkanda wa kahawia katika judo. J anashika kwa kulia: mkono wa kulia kwenye ukosi, wa kushoto kwenye mkono wa koti, mguu wa kulia mbele. K anasimama kushoto mbele. Kwa hiyo mguu wa kushoto wa K na wa kulia wa J ndiyo iliyokabiliana muda wote. Msomaji aliweke hilo akilini, maana mitego mingi ya kisa hiki imetoka hapo.

Jambo la pili ni umri wa J katika mchezo. Alianza judo baada ya 2013. Shirikisho la Kimataifa la Judo lilipiga marufuku kushambulia miguu moja kwa moja kwa mikono mwaka 2010, na mwaka 2013 likakaza zaidi: katika mapambano ya kusimama, mkono kugusa chini ya mkanda kwa kushambulia au kuzuia ni kosa. Judoka aliyekulia katika kanuni hizo hachupii miguu kama mwanamieleka. Anakuja wima, anataka ukosi, shingo na mikono, na anaingia kifua kwa kifua.

K hakulijua hili. Alikuwa amejiandaa kwa kutazama UFC, mashindano ya mapambano mchanganyiko, na kujifunza kutupa miguu nyuma mtu anapochupia mapaja. Alikuja na mikono iliyoshushwa hadi usawa wa mbavu, tayari kuzuia shambulio ambalo mpinzani wake hakuwa nalo, huku shingo na ukosi vikiwa wazi kabisa.

Kanuni walizokubaliana zilikuwa raundi tatu za dakika tatu, mapumziko dakika moja. Glovu za vidole wazi za aunsi 7, kinga ya meno, kinga ya ugoko na kinga ya sehemu za siri. Kichwani ni kugusa tu, kifuani na tumboni nguvu ya wastani. Hakuna viwiko, hakuna teke la goti, hakuna kupinda shingo. Kubwaga kunaruhusiwa, ila mbwagaji hamwangukii mwenzake kwa uzito wake wote, na kani basami, yaani kumbwaga mtu kwa kumbana kwa miguu kama mkasi, ni mwiko, kama ilivyo katika mashindano ya judo, kwa sababu inaharibu magoti. Wakienda chini wana sekunde 15, kisha wanasimamishwa. Aliyebanwa anagonga mara mbili. Kila mmoja alivaa koti la mchezo wake.

Tatami, yaani mikeka ya mazoezi, zilipangwa mita 6 kwa 6. Pande mbili zilipakana na ukuta.

Siku ya kwanza

Sekunde ishirini za mwanzo zilikuwa za K. Mae geri mbili zilifika tumboni, ngumi ya mkono wa mbele ikagusa paji la uso, na J akabaki anazunguka bila kuingia. K akajiamini, akapiga mawashi geri, teke la kuzungusha, ya kichwani kwa mguu wa kulia. J aliinua mkono wa kushoto, akalipokea teke kwenye sehemu ya juu ya mkono, na mguu ukiwa bado hewani akapiga hatua moja ndani. Mkono wa kulia ukakamata ukosi. Mguu wake wa kulia ukaingia katikati ya miguu ya K na kuuzoa ule wa kushoto, ambao ndio peke yake uliokuwa chini. Ni ouchi gari ya kawaida kabisa, mtama wa ndani. K alianguka kinyumenyume na kuegemea mkono ulionyooka. Kifundo cha mkono kikauma, ingawa alisema kiko sawa.

Anguko la pili lilitokana na kurudi nyuma. J aliingia kwa hatua mbili fupi, K akateleza nyuma moja kwa moja kwa yori ashi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mgongo ukagusa ukuta. Hesabu yake ni rahisi: ukianzia katikati ya mita 6, na kati yenu kuna mita 2, nyuma yako zimebaki mita 2 tu. Kwa mtu wa urefu wa K hizo ni hatua tatu za kuteleza. Alipogusa ukuta, miguu yake ikawa sambamba na uzito ukakaa visiginoni. J akashika ukosi na mkono wa koti, akakanyaga nje ya mguu wa kulia wa K kwa mguu wake wa kushoto, akamkata kwa osoto gari, mtama wa nje.

La tatu ndilo linalofundisha zaidi. K alipiga gyaku zuki safi, ikafika kifuani. Katika kumite ya pointi ngumi ile ingeinua bendera na refa angesema yame, yaani simama. K alifanya kile ambacho mwili wake umezoea: mkono wa kushoto ukarudi nyongani kwa hikite, mkono wa kulia ukabaki umenyooka sekunde nzima kuonyesha pointi. J aliipokea ngumi, akaukamata mkono wa koti ule ule uliompiga, akageuka na kumbeba kwa ippon seoi nage, bwago la begani. K aliruka juu ya bega lake. J alimshusha kwa uangalifu, akashikilia mkono hadi mgongo ulipofika chini.

Kulikuwa na anguko la nne mwishoni mwa raundi, la namna ya lile la pili. Raundi ya pili ilianza na K akiwa anarudi nyuma kabla hata J hajasogea. Dakika moja baadaye kocha akaona K anakwepa kutumia mkono wa kulia, akasimamisha.

"Mdogo wangu, mkono huo onyesha."

"Hakuna shida, sensei."

"Nionyeshe."

Kifundo kilikuwa kimevimba kidogo upande wa kidole gumba. Mapambano yakaishia hapo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutomrudisha K kwenye kupambana huru hadi ajue kuanguka. Wapo waliopinga, wakisema kwamba tiba ya kubwagwa ni kutokubali kubwagwa. Kocha alikuwa sahihi. Anayeogopa sakafu anaegemea nyuma, anakaza mabega, na anarudi moja kwa moja kwa sababu ndiyo njia fupi ya kukimbia. Hofu ya kuanguka ndiyo iliyokuwa ikimsukuma ukutani. Tena mkono ulionyooka nyuma unavunja kifundo au kutoa kiwiko hata kwenye tatami nzuri.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuvua makoti. K aliomba, J hakupinga. Huu si upendeleo mdogo, ni kubadilisha mchezo. Koti linampa mshikaji kipini mwishoni kabisa mwa mkono wako, kwenye kifundo. Akilikamata hapo, yuko mbali nawe kwa urefu wa mikono miwili na tayari anakuvuta. Bila koti, lazima afike kwenye shingo, kwapa au kiwiko, yaani mstari wa hatari unasogea ndani kwa urefu wa mkono mzima wa mbele, kuanzia kifundo hadi kiwiko. Mpigaji anapata nafasi ya ngumi moja zaidi. Kocha aliridhia kwa sababu lengo la mwezi ule lilikuwa K ajifunze kuisoma nafasi, na makoti yalikuwa yakimuadhibu kabla hajapata muda wa kuisoma. Alisema wazi kuwa makoti yatarudi.

Uamuzi wa tatu ulihusu kanuni. Mapambano ya kugusa yana upande. Ngumi ya K inazuiwa isiumize, lakini mtama wa J haupunguzwi: mtu ama anaanguka ama haanguki. J alikuwa anatembea ndani ya ngumi ambazo kwa nguvu kamili zingemfanya afikirie mara mbili. Kocha aliamua kwamba katika raundi mbili za kwanza za siku ya pili, pigo safi linalomfika J usoni au tumboni wakati anaingia litawarudisha wote katikati. Raundi ya tatu kanuni hiyo iondolewe.

Wiki tatu za matayarisho

Kifundo kilipewa siku kumi za kupumzika, na katika siku hizo K alifanya miguu na kuanguka tu. Kuanguka nyuma kulianza kutoka kuchuchumaa: kidevu kifuani, mgongo umeviringwa, mikono yote miwili ikipiga tatami kwa viganja chini, nyuzi 45 kutoka mwilini. Zaidi ya hapo bega linachukua mshtuko, chini ya hapo unajikalia mkono. Kisha kuanguka kwa upande, kisha akiwa amesimama, kisha akisukumwa bila taarifa. Dakika ishirini kila siku ya mazoezi. J mwenyewe ndiye aliyemsaidia sehemu hii, na walielewana vizuri.

Baada ya hapo ikaja nafasi. Kocha alibandika mikanda ya karatasi kwenye tatami na kumtaka K aitamke kwa sauti nafasi aliyopo. Nafasi ya mbali: hakuna anayemfikia mwenzake bila kupiga hatua. Nafasi ya teke: mguu wa K unafika, mkono wa J haufiki. Nafasi ya mkono: vidole vya wote vinagusana wakinyoosha. K alitakiwa akae kwenye ya mbali, apite kwenye ya teke anapopiga, kisha atoke. Kusimama kwenye nafasi ya teke bila kupiga kulihesabiwa kosa, kwa sababu hapo hatua moja ya J inatosha.

Kutoka ndiko kulikochukua muda mwingi. Kwa kuwa miguu ya mbele inakabiliana, K aliambiwa atoke kwenda kushoto kwake, nje ya mguu wa kulia wa J, kwa pembe ya nyuzi 45. Upande huo unamlazimisha J kugeuka mzima kabla ya kuingia, na unaufanya mguu wa kulia wa K uwe mbali na osoto gari. Tumbo la J pia linabaki wazi kwa teke la mguu wa nyuma. Lakini upande huo una gharama, na K aliambiwa mapema: ukiwa nje ya mguu wake na bado mkono wake unakufikia, mguu wake wa kulia uko ndani ya miguu yako tayari. Ouchi gari iko pale pale. Hivyo kuchepuka ni kwa mtu ambaye hajashikwa. Ukishashikwa, mguu wa kushoto urudi nyuma kwanza.

Mateke yalipunguzwa hadi mawili. La kwanza ni teke la kusukuma kwa mguu wa mbele, kwa wayo mzima, likifika kwenye mfupa wa nyonga au chini kidogo ya fundo la mkanda. K alikuwa amezoea kupiga kifuani kwa koshi, ile sehemu ya wayo iliyo chini ya vidole. Hilo linauma, lakini kifua kinapinda na mguu unadakwa. Nyonga haipindi. Na kila mtama wa judo unahitaji nyonga za mbwagaji zisogee kwanza, kwa hiyo ukizizuia nyonga umezuia mtama kabla haujaanza. Goti linarudi kwanza, ndipo mguu unashuka, kamwe usishuke mbele ukiwa umenyooka. La pili ni teke la nyuma la kulia, tumboni, si juu ya mkanda zaidi ya kiganja kimoja. Mateke ya kichwa yalifungwa.

Mikono nayo ilibadilishwa. Mkono wa kushoto ukaletwa mbele, umefunguka, kiganja kikikaa juu ya kifundo cha mkono wa kulia wa J pale mikono ya mbele inapokutana. Kazi yake ni kuupapasa na kuushusha, kisha kupiga hapo hapo. K mwanzoni alikuwa anaushika. Kocha alimkataza kila mara: ukimshika judoka, umemsaidia kukushika. Piga juu ya kifundo kwa kiganja, mkono wake unashuka sentimita kumi, ngumi yako inapita juu yake. Hikite ikasitishwa kwa kipindi hiki. Mkono usiopiga ulikaa shavuni.

Mwisho ilikuwa fremu, kwa ajili ya pale nafasi inapokwisha kupotea. J akiufikisha mkono shingoni, K anaweka mkono wake wa mbele, kuanzia kiwiko hadi kifundo, chini ya mtulinga wa J, kiwiko kikiwa karibu na mbavu zake mwenyewe. Mkono wa pili unaudhibiti msuli wa juu wa mkono unaoshika. Kichwa kinawekwa shavu kwa shavu, upande wa mkono unaoshika, si katikati. Kisha anageuka kwa mguu wa nyuma na kusukuma wakati J anavuta pumzi au anabadilisha mshiko. Alipewa sekunde mbili kufanya hayo. Baada ya sekunde mbili J ana mikono yote, na kinachofuata kinategemea judo zaidi ya karate.

Siku ya pili

Raundi ya kwanza ilikuwa ya kimya kuliko ilivyotarajiwa. K alizunguka kushoto, akasukuma nyonga, akatoka. Mara tatu J aliingia na kukutana na ngumi ya mkono wa mbele, na mara tatu wakarudishwa katikati. Mara ya nne J alibadilisha: hakuingia, alisubiri K achepuke, kisha akaingia sambamba naye. K akajikuta nje ya mguu wa mbele wa J, shingo imeshikwa, na akasahau kuurudisha mguu wa kushoto. Ouchi gari. Safari hii alianguka vizuri, kidevu ndani, mikono ikapiga tatami, na kabla ya sekunde 15 kwisha alikuwa amesimama: mkono mmoja chini nyuma, mguu wa upande wa pili umekanyaga, nyonga juu, mguu uliobaki ukavutwa nyuma ya mkono, na mkono wa mbele ukilinda uso muda wote.

Raundi ya pili K hakuanguka. Mara mbili alishikwa, mara mbili fremu ilimtoa. Ya kwanza ilikuwa nzuri kiasi kwamba inafaa kuelezwa: mkono wa kulia wa J ulifika kisogoni, fremu ikaingia chini ya mtulinga, J akavuta kwa nguvu, K badala ya kushindana naye akapiga hatua ya mguu wa nyuma kuelekea upande wa mvuto, akageuka, na mvuto ule ule ukamzungusha J. Nafasi ikafunguka, teke la tumbo likafika.

Raundi ya tatu, kanuni ya pigo safi ikaondolewa. J aliingia mara ya kwanza, akapokea ngumi ile ile iliyokuwa ikimrudisha katikati, akaendelea. Usoni mwa K ulionekana mshangao. Alikuwa amezoea tena, kwa dakika sita tu, kwamba kupiga kunamaliza jambo. Alishikwa lakini hakuanguka. Dakika moja baadaye teke lake la kulia lilichelewa kurudi, J akalibana chini ya kwapa la kushoto, akautembeza mwili wa K nyuma hatua mbili na kuuzoa mguu uliosimama. Karibu na mwisho, miguu ikiwa imechoka, K akaanza tena kurudi moja kwa moja. Ukuta, osoto gari.

J alitoka na pua nyekundu. Katika raundi ya pili aliinamisha kichwa akiingia na kukutana na ngumi iliyokuwa ikienda kifuani.

Uchambuzi

Ukihesabu maanguko yote saba ya siku hizi mbili na kuuliza nani aliyeanza mwendo, matatu yalianzia kwenye shambulio la K mwenyewe, matatu kwenye kurudi nyuma kwake, na moja kwenye kuchepuka kwake. Hakuna hata moja lililotokea K akiwa ametulia kwenye nafasi ya mbali, mikono juu, akisubiri. Watu wengi wanaofundisha kumweka mshikaji mbali wanaeleza namna ya kumzuia akija. Mshikaji mzuri haji ukiwa tayari. Anakuja mguu wako ukiwa hewani, au ngumi yako ikiwa imenyooka, au uzito wako ukiwa visiginoni. Kwa hiyo kazi kubwa ya mpigaji iko baada ya pigo, katika ile nusu sekunde ambayo karate ya pointi imemfundisha kupumzika.

Hili si lawama kwa karate. Hikite ina maana yake: ni mkono unaovuta kitu ulichokikamata, na wazee wa Okinawa waliifundisha hivyo. Tatizo la K lilikuwa kuvuta hewa. Mkono unaorudi nyongani bila kuvuta chochote unaondoa fremu ya kwanza ya mwili.

Teke la nyonga lilifanya kazi kuliko kitu kingine chochote. Lilimgharimu J kila alipotaka kuingia, na halikumgharimu K kitu maadamu goti lilirudi kwanza. Kuchepuka kushoto kulifanya kazi nusu. Kulimtoa ukutani, kukamnyima J osoto gari kwa raundi mbili nzima, lakini kulikuwa kwa upande mmoja tu, na J akakusoma ndani ya dakika tatu. K angetakiwa achepuke kulia walau mara moja katika nne, kwa hatua fupi na mkono wa kushoto ukiwa umekwisha kuushusha mkono wa J. Upande huo ni wa hatari zaidi kwake, na ndiyo maana utumike kwa nadra, ila usipotumika kabisa upande wa kushoto nao unageuka mtego.

Kuhusu kudakwa mguu, hapa matayarisho yalikuwa na pengo. Kocha alijenga mpango wake juu ya ukweli kwamba J hashambulii miguu, na siku ya kwanza ilimthibitishia hivyo. Lakini kanuni za ukumbi hazikukataza kulibana teke. J ni mwerevu, na baada ya kulishwa mateke ya tumbo kwa raundi mbili alitafuta njia. Tabia ya mchezo inatabiri dakika za kwanza, si za mwisho. K hakuwa amefundishwa hata mara moja la kufanya mguu ukibanwa: kukunja goti na kuligeuza lielekee chini, kushika kisogo cha mshikaji, na kuusukuma mguu sakafuni kabla hajaanza kutembezwa. Kwa maoni yetu hilo lilipaswa kuingia katika wiki ya kwanza, pamoja na kuanguka.

Kanuni ya pigo safi inahitaji kupimwa kwa haki. Ilirekebisha upendeleo wa mapambano ya kugusa na kumfanya J aingie kwa adabu, akificha uso. Bila hiyo K asingepata muda wa kujifunza kitu. Papo hapo ilimrudishia ugonjwa ule ule tuliotaka kuuponya. Tungeitumia kwa raundi moja, si mbili, na tungeiweka hivi: pigo safi halisimamishi pambano, bali linamtaka mshikaji arudi hatua moja kabla ya kuingia tena, huku mpigaji akiendelea kutembea. Kwa njia hiyo mpigaji analipwa kwa kupiga bila kufundishwa kusimama.

Kanuni zina nguvu ya kutisha katika mambo haya. Tarehe 26 Juni 1976, Tokyo, Muhammad Ali alipambana na mwanamieleka Antonio Inoki kwa raundi 15. Inoki alitumia sehemu kubwa ya pambano akiwa amelala chini, akiipiga mateke miguu ya Ali, na Ali hakupata nafasi ya kurusha ngumi ila chache mno. Matokeo yakawa sare. Bondia bora wa uzito wa juu aliwekwa mbali na mtu aliyelala chali. Anayepanga mapambano ya michezo miwili aanze na kanuni, aziandike, na aulize kila moja inampa nani nafasi.

Uchovu ulifanya kazi yake pia. Kuchepuka kwa pembe kunachosha mapaja kuliko kurudi moja kwa moja, na K alikuwa na pumzi ya kumite, yaani ya milipuko mifupi. Kurudi ukutani katika dakika ya nane si kusahau mafunzo. Ni miguu kuchagua njia ya bei nafuu.

Hatua zilizopangwa baada ya hapo

Wote wawili walitaka kuendelea. Kocha alipanga Jumamosi tatu zinazofuata bila mapambano huru. K anaanza kila zamu akiwa tayari ameshikwa shingo, nusu ya tatami tu, yaani mita 3 kwa 6, sekunde 30, kazi yake ni kutoka na kugusa tumbo mara moja. Zamu nane, mapumziko sekunde 30. J anaanza kila zamu ya kwake akiwa amebana teke, na K anatakiwa kurudisha mguu chini kabla ya hatua ya pili. Zamu mbili za mwisho zinachezwa kwa makoti.

Teke la kichwa limebaki limefungwa hadi K aweze kumaliza raundi nzima bila mgongo wake kugusa ukuta.